Mlio wa Usukani wa Baisikeli

Bila shaka umewahi kusikia mlango wa zamani ukilia unapofunguliwa. Mwenye nyumba hutia matone mawili ya mafuta katika bawaba, huufungua mlango na kuufunga mara mbili tatu, na mlio hukoma. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba kila kitu kinacholia kinahitaji mafuta tu. Katika somo hili utajifunza kwamba sivyo.

Tuseme nyumbani kwenu ipo baisikeli ya milimani, yaani baisikeli yenye matairi mapana yenye meno na uma wa mbele wenye springi. Kaka yako huitumia kwenda dukani na kuchota maji. Kila anapokamata breki ya mbele kwenye mteremko, sauti hutoka mbele ya baisikeli: kwi, kwi, kwi. Kaka yako ametia mafuta ya cherehani katika shingo ya baisikeli. Mlio ukakoma kwa siku mbili, kisha ukarudi. Akatia mafuta mengi zaidi. Ukakoma tena, ukarudi tena, na safari hii ukawa mkubwa kuliko mwanzo.

Je, kwa nini mlio ule haukomi? Usijibu kwa kubahatisha. Mwanasayansi huuliza, huchunguza, hujaribu, kisha ndipo hujibu. Nasi tutafanya hivyo.

1. Mlio hutokeaje?

Ulipojifunza habari za sauti uliona kwamba sauti hutokana na mtetemo. Ngozi ya ngoma hutetema inapopigwa. Uzi wa zeze hutetema unapoguswa. Je, ni kitu gani kinachotetema katika mlango au baisikeli inayolia?

Jaribio la 1

Vifaa: bilauri safi ya kioo, maji, sabuni, mafuta kidogo ya kupikia.

Fanya hivi:
(a) Nawa mikono yako kwa sabuni, uisuuze vizuri. Osha bilauri pia.
(b) Lowesha kidole kwa maji. Kikandamize juu ya kioo huku ukikivuta polepole. Sikiliza.
(c) Sasa paka mafuta kidogo katika kidole hicho, ukivute tena juu ya kioo. Sikiliza.

Umesikia nini mara ya kwanza? Umesikia nini mara ya pili? Andika matokeo katika daftari lako la sayansi.

Kidole safi kilicholowa maji hakitelezi sawasawa juu ya kioo. Hunata kidogo, kisha huteleza, kisha hunata tena. Jambo hilo hutokea mara nyingi sana katika sekunde moja, nacho kioo hutetema. Mtetemo huo ndio mlio uliousikia. Mafuta yakiingia katikati, kidole huteleza bila kunata, na mlio hukoma.

Kani inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze huitwa msuguano. Msuguano una faida nyingi. Bila msuguano usingeweza kutembea, na breki za baisikeli zisingeweza kulisimamisha gurudumu. Lakini mahali pengine msuguano huleta hasara: hula vyuma, huvipasha moto, na hufanya kazi iwe nzito.

2. Gololi hupunguza msuguano

Mafuta si njia pekee ya kupunguza msuguano. Ipo njia nyingine, nayo unaweza kuijaribu kwa gololi unazochezea.

Jaribio la 2

Vifaa: kitabu kizito, uzi, mpira mwembamba wa kufungia vitu, rula, gololi ishirini zenye ukubwa sawa.

Fanya hivi:
(a) Kifunge kitabu kwa uzi. Funga mpira katika ncha ya uzi.
(b) Weka kitabu juu ya meza. Shika mpira, ukivute kitabu polepole mpaka kianze kwenda.
(c) Mwombe mwenzako apime urefu wa mpira kwa rula wakati kitabu kinapokwenda.
(d) Sasa panga gololi juu ya meza, uweke kitabu juu yake. Kivute tena na kupima urefu wa mpira.

Mpira ulinyooka zaidi mara gani? Kwa nini?

Kitabu kilipolala juu ya meza kilikuwa kinakwaruza. Kilipolala juu ya gololi kilikuwa kinabingirika. Vitu vinavyobingirika hupata msuguano mdogo kuliko vitu vinavyokwaruza. Kwa sababu hiyo mafundi huweka gololi za chuma mahali ambapo kipande kimoja cha mashine huzunguka juu ya kingine. Gololi hizo pamoja na njia zinamobingirika huitwa beringi.

Mwaka 1869 Jules Suriray, fundi wa baisikeli wa mjini Paris katika nchi ya Ufaransa, alipata hataza ya kutumia gololi katika baisikeli. Hataza ni hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi. Mwaka huohuo yalifanyika mashindano ya baisikeli kutoka Paris hadi mji wa Rouen, mwendo wa kilometa 123 hivi. Mshindi, Mwingereza aliyeitwa James Moore, alipanda baisikeli yenye gololi. Leo karibu kila baisikeli unayoiona ina gololi katika magurudumu, katika pedali na katika shingo.

Lakini gololi peke yake hazitoshi. Chuma kikibingirika juu ya chuma kikavu huchakaa na kushika kutu. Kwa hiyo hutiwa grisi. Grisi ni mafuta mazito yasiyotiririka upesi. Hukaa mahali yalipowekwa, hutenganisha chuma na chuma, na huzuia maji yasiingie.

Umuhimu wa grisi ulionekana wazi katika habari za baisikeli za milimani zenyewe. Mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax katika jimbo la California, nchini Marekani, vijana walianza kushindana kuteremka mlima kwa baisikeli nzito za zamani. Breki ya baisikeli hizo ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Msuguano wa breki ulikipasha moto kitovu hata grisi ikaungua na kutoa moshi. Baada ya kuteremka, iliwabidi wakifungue kitovu na kukijaza grisi upya. Kwa hiyo njia ile iliitwa Repack, yaani “jaza tena”. Mashindano hayo yalisaidia kuzaliwa kwa baisikeli za milimani tunazozijua leo.

3. Sehemu za shingo ya baisikeli

Itazame baisikeli yoyote iliyo karibu nawe. Mbele ya fremu kuna bomba fupi lililosimama. Hiyo ndiyo shingo ya baisikeli. Vyuma viwili vinavyolishika gurudumu la mbele huitwa uma. Juu ya uma limesimama bomba refu ambalo hupita ndani ya shingo na kutokea juu. Kipande kinachouunganisha usukani na bomba hilo tutakiita shina la usukani.

Bomba la uma haliigusi shingo. Katikati yake kuna beringi mbili: moja juu ya shingo na nyingine chini yake. Kila beringi ina kikombe cha chuma kilichobanwa katika shingo, koni iliyokaa katika bomba la uma, na gololi zilizopangwa duara katikati ya kikombe na koni. Katika baadhi ya baisikeli, gololi hizo zimefungiwa kabisa ndani ya pete mbili za chuma, na beringi hutolewa nzima.

Katika baisikeli za zamani, beringi za shingo hukazwa kwa nati kubwa mbili zilizo juu ya shingo. Tangu miaka ya 1990, baisikeli nyingi za milimani zimetengenezwa kwa njia nyingine. Juu ya bomba la uma kuna kofia ndogo yenye bolti moja. Bolti hiyo huzibana beringi ili zisilegee. Kisha bolti za ubavuni mwa shina huling’ang’aniza shina katika bomba. Kumbuka tofauti hii: bolti ya kofia hurekebisha, bolti za shina hushikilia.

Chora shingo ya baisikeli katika daftari lako. Onyesha shingo, bomba la uma, beringi ya juu, beringi ya chini, shina na usukani.

4. Kwa nini shingo huanza kulia?

Shingo ya baisikeli hubeba mzigo mkubwa. Unapokamata breki ya mbele, ardhi hulizuia gurudumu, lakini mwili wako na fremu hutaka kuendelea mbele. Uma husukumwa nyuma kwa nguvu, na kani hiyo hufika shingoni. Beringi ya chini ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa inabeba uzito mwingi na pia hurushiwa maji, vumbi na matope na gurudumu la mbele.

Shingo yaweza kulia kwa sababu hizi:
(a) Grisi imekwisha au imekauka.
(b) Mchanga na maji vimeingia, na gololi zimeshika kutu.
(c) Beringi zimelegea, kwa hiyo uma unacheza na kugonga.
(d) Beringi zimekazwa mno, kwa hiyo gololi zimechimba vishimo katika vikombe.
(e) Vumbi limeingia kati ya kikombe na fremu, mahali ambapo vyuma viwili havitakiwi kusogea hata kidogo.

Iangalie sana sababu ya mwisho. Fundi aweza kujaza grisi nyingi katika gololi, lakini mlio ukaendelea, kwa sababu hautoki katika gololi. Unatoka nyuma ya kikombe.

5. Masikio yaweza kudanganywa

Kabla ya kuifungua shingo ni lazima tuwe na hakika kwamba mlio unatoka shingoni. Je, masikio yetu yatatosha kutuambia?

Jaribio la 3

Vifaa: meza ndefu ya mbao, msumari.

Fanya hivi:
(a) Fumba macho, uweke sikio moja juu ya meza na kuziba sikio la pili kwa kidole.
(b) Mwenzako akwaruze meza taratibu kwa msumari upande wa chini: mara karibu nawe, mara katikati, mara mbali.
(c) Kila mara taja mahali unapodhani panakwaruzwa. Rudieni mara kumi. Hesabu majibu uliyopata na uliyokosa.

Bila shaka umekosa mara nyingi. Sauti husafiri vizuri sana ndani ya vitu vigumu kama mbao na chuma. Fremu ya baisikeli ni mabomba ya chuma au ya aluminiamu yaliyounganishwa. Mlio unaozaliwa katika pedali, katika kiti au katika spoku waweza kusafiri ndani ya mabomba hayo ukasikika kama kwamba unatoka shingoni. Watu wengi wameifungua shingo nzima, wakaisafisha, wakaifunga, na mlio ukabaki palepale, kwa sababu hawakuchunguza kwanza.

6. Kutafuta chanzo cha mlio

Kanuni ya uchunguzi ni moja: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukitia grisi, ukakaza bolti na kubadili pedali kwa siku moja, mlio ukikoma hutajua ni kipi kilichoukomesha.

Anza kwa kuuliza mlio husikika wakati gani.
Ukisikika mara moja kila pedali inapozunguka, chunguza pedali na mikono yake.
Ukisikika mara moja kila gurudumu linapozunguka, chunguza spoku.
Ukisikika unapoketi na kukoma unaposimama juu ya pedali, chunguza kiti.
Ukisikika unapokamata breki ya mbele au unapouvuta usukani, chunguza shingo na shina.

Kisha fanya uchunguzi ufuatao. Hauhitaji spana.

Uchunguzi wa 1: Je, shingo imelegea?
Simama kando ya baisikeli. Geuza usukani mpaka gurudumu la mbele litazame ubavuni. Kamata breki ya mbele. Weka vidole vya mkono wa pili mahali uma unapokutana na shingo. Sukuma baisikeli mbele na nyuma taratibu. Vidole vikisikia kitu kinacheza, au ukisikia ko, ko, beringi zimelegea.

Uchunguzi wa 2: Je, gololi ni nzima?
Mwombe mwenzako ainue mbele ya baisikeli ili gurudumu lisiguse ardhi. Geuza usukani polepole kulia na kushoto. Shingo nzima hugeuka kwa wepesi. Ukisikia mkwaruzo, mna mchanga au kutu. Ukiona usukani unanasa katikati kama ulioingia katika kishimo, vikombe au koni zimeharibika.

Uchunguzi wa 3: Je, ni shina la usukani?
Simama mbele ya baisikeli, ulibane gurudumu la mbele kati ya magoti. Kandamiza upande mmoja wa usukani huku ukiuinua upande wa pili. Ukisikia mlio, huenda unatoka mahali usukani unaposhikwa na shina. Vumbi likiingia hapo, usukani hulia kama shingo mbovu. Dawa yake ni kuutoa usukani, kuupangusa, na kukaza bolti sawasawa.

Uchunguzi wa 4: Je, ni waya za breki?
Zishike waya za breki na kuzisogeza mbali na fremu, kisha geuza usukani. Mlio ukikoma, waya ndizo zilizokuwa zikikwaruza.

Katika daftari lako andika safu tatu: nilichofanya, nilichosikia, nilichofikiri. Andika hata pale ambapo hukusikia kitu. Uchunguzi usioonyesha kosa una faida pia, kwa kuwa unaondoa sababu moja katika zile ulizozidhania.

7. Kutengeneza shingo

Ikiwa uchunguzi umeonyesha kwamba kosa liko shingoni, kazi yaweza kuanza. Kazi hii ifanywe na fundi au mtu mzima, nawe umsaidie. Shingo isiyofungwa vizuri yaweza kumwangusha mwendeshaji.

Vifaa: spana za kutosha bolti zake, kitambaa safi, mafuta ya taa kidogo ndani ya kopo, mswaki wa zamani, grisi, shuka kuukuu.

Hatua za kazi:
(a) Tandika shuka chini. Kila kipande kinachotolewa kipangwe juu ya shuka kwa mfuatano wake, na upande wake wa juu uendelee kutazama juu. Wengi hushindwa kuifunga shingo kwa sababu wamesahau jinsi ilivyokuwa.
(b) Katika baisikeli yenye kofia, fungua bolti ya kofia, kisha legeza bolti za shina. Mtu mmoja aushike uma ili usianguke.
(c) Toa uma polepole. Zihesabu gololi za juu na za chini, uandike hesabu yake. Gololi moja ikipotea, nyingine hubeba mzigo wake.
(d) Osha gololi, koni na vikombe kwa mafuta ya taa. Fanya kazi hii nje, mbali na moto, taa na sigara. Beringi zilizofungiwa zisilowekwe. Zipanguswe kwa kitambaa tu.
(e) Kausha kila kitu. Tazama kwa makini. Gololi yenye kutu au vidoa itupwe. Ikiwa moja imeharibika, badili zote za beringi hiyo, kwa sababu gololi mpya na kuukuu hazilingani.
(f) Vitikise vikombe kwa vidole. Kikombe kikisogea au kikiwa na uchafu nyuma yake, fundi akitoe kwa chombo chake, asafishe mahali pake, apake grisi nyembamba, kisha akirudishe kikiwa kimenyooka.
(g) Jaza grisi katika vikombe, upange gololi, urudishe uma na vipande vyote kwa mfuatano wake.
(h) Kaza bolti ya kofia kidogo kidogo. Kila mara rudia Uchunguzi wa 1 na wa 2. Acha kukaza mara tu uma unapoacha kucheza huku usukani ukigeuka kwa wepesi.
(i) Nyoosha usukani ulingane na gurudumu. Kaza bolti za shina kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, mpaka zikaze sawa.

Angalia! Usiruhusu mafuta au grisi iguse rimu, sahani ya breki au raba za breki. Mahali hapo msuguano ni rafiki yako. Breki yenye mafuta haishiki.

Mwishowe, baisikeli ijaribiwe polepole mahali tambarare kabla ya kupelekwa barabarani.

8. Mlio usiokoma

Sasa turudi kwa kaka yako. Baisikeli yake ilipofunguliwa, vumbi na maji vilionekana vimekaa nyuma ya kikombe cha chini. Mafuta ya cherehani ni mepesi. Yalipenya humo na kuunyamazisha mlio, lakini baada ya siku mbili yakatiririka na kuondoka. Zaidi ya hayo, mafuta yaliyobaki yalinasa mchanga wa barabarani. Mafuta na mchanga vikichanganyika huwa kama msasa, navyo husaga chuma. Ndiyo maana mlio uliporudi ulikuwa mkubwa zaidi. Kaka yako alidhani kwamba anaitengeneza baisikeli, kumbe alikuwa akiisaga.

Lakini itakuwaje ikiwa shingo imesafishwa, imetiwa grisi na kukazwa vizuri, na mlio bado upo? Yako mambo mawili ambayo grisi haiwezi kuyaponya.

La kwanza ni uma wenyewe. Katika uma nyingi zenye springi, bomba la uma limesindikwa kwa nguvu nyingi katika kipande cha juu cha uma. Baada ya kutumika sana, maungio hayo yaweza kuanza kusogea kidogo na kulia. Hapo hapana bolti ya kukaza wala mahali pa kutia grisi. Sehemu hiyo hubadilishwa.

La pili ni ufa. Chuma chenye ufa huweza kulia, kwa kuwa pande mbili za ufa husuguana. Ipanguse fremu, utazame karibu na maungio ya shingo, kwenye uma na kwenye shina. Ukiona mstari mwembamba katika rangi, au mstari wa kutu, usiipande baisikeli hiyo tena. Mwite mtu mzima aitazame. Ufa hukua kidogo kidogo kila siku, na chuma hukatika ghafla siku moja, huenda katikati ya mteremko.

Fikiri jambo hili. Mafuta yakiingia katika ufa, mlio waweza kukoma kwa muda. Mwenye baisikeli hufurahi, lakini ufa bado unakua. Baisikeli iliyonyamaza siyo lazima iwe nzima. Mlio ni habari ambayo baisikeli inatupa. Kazi yetu si kuunyamazisha tu, bali ni kutafuta sababu yake na kuiondoa. Ukifanya hivyo, mlio utakoma wenyewe.

Mambo ya kukumbuka

1. Mlio wa vyuma hutokana na vitu viwili vinavyonata na kuteleza upesi upesi na kutetema.
2. Gololi hupunguza msuguano kwa kubingirika. Grisi hutenganisha chuma na chuma na kuzuia maji na kutu.
3. Sauti husafiri vizuri katika vitu vigumu. Kwa hiyo mahali mlio unaposikika pengine sipo unapotoka.
4. Katika uchunguzi, badili jambo moja tu kwa wakati mmoja.
5. Beringi za shingo zisilegee wala zisikazwe mno.
6. Baisikeli yenye ufa haipandwi.

Mazoezi

A. Jaza nafasi zilizo wazi.
1. Kani inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze huitwa ________.
2. Beringi ya ________ ya shingo huchakaa upesi kuliko ya ________.
3. Bolti ya kofia hurekebisha beringi. Bolti za ________ hushikilia.

B. Jibu maswali haya kwa sentensi kamili.
1. Kwa nini grisi hufaa shingoni kuliko mafuta mepesi?
2. Baisikeli inalia mara moja kila pedali inapozunguka. Je, utaanza kwa kuifungua shingo? Eleza kwa nini.
3. Kwa nini gololi zihesabiwe kabla ya kuoshwa?
4. Taja mahali pawili katika baisikeli ambapo msuguano unahitajika, na pawili ambapo haufai.
5. Rafiki yako anasema, “Nimetia mafuta, mlio umekoma, kwa hiyo baisikeli yangu ni nzima.” Utamjibu nini?

C. Kazi ya kufanya.
Pamoja na mwenye baisikeli mmoja wa jirani, fanya Uchunguzi wa 1 hadi wa 4. Usifungue bolti yoyote. Andika matokeo katika safu tatu na kuyaleta darasani. Linganisheni matokeo yenu. Je, ni baisikeli ngapi zilizokuwa na shingo iliyolegea? Ni ngapi ambazo mwenyewe hakujua?